Mto wa Februari Si Mto wa Septemba

Kila mradi wa umeme wa maji unapotangazwa hapa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, maneno yatakayofuata mtu anaweza kuyakisia kabla hayajatamkwa. Megawati zitakuwa ngapi? Mkandarasi ni nani? Fedha zimetoka benki gani? Arua watauliza bei ya yuniti. Koboko watauliza kama umeme utatulia au utakuwa ule wa kuwaka asubuhi na kuzimika jioni. Lobule, ambako wenyeji na wakimbizi kutoka Kongo wamekuwa majirani tangu makazi ya wakimbizi yafunguliwe mwaka 2013, watauliza kama nguzo zitaacha barabara na kuingia vijijini. Yote ni maswali ya haki. Lipo lingine ambalo karibu halisikiki kamwe mikutanoni, na kwenye ripoti nzito za washauri linapewa aya chache tu: chini ya maji hayo, juu ya mawe na ndani ya tope, wanaishi viumbe gani, wangapi, na katika miezi ipi ya mwaka?

Naliweka wazi ninaloamini. Mradi wowote wa kufua umeme unaogusa sakafu ya mto, ziwa au bahari usipewe kibali mpaka viumbe wa sakafu hiyo wahesabiwe kwa misimu miwili ya mvua na miwili ya kiangazi, mahali pa mradi na mahali pengine pa kulinganisha ambapo hapatajengwa kitu. Hesabu ya wiki moja haitoshi, hata ikifanywa na mabingwa. Nasema hivi nikiwa upande wa umeme, kwa sababu mkoa uliokaa gizani muda mrefu kama wetu hauna anasa ya kujenga kitu leo kisha kukilipia hospitalini kwa miaka 20.

Misimu iko chini ya maji pia

Mkazi yeyote wa Koboko anajua kwamba kijito anachokivuka kwa hatua mbili mwezi Februari, Septemba kinaweza kumzuia upande wa pili siku nzima. Mvua zetu huanza Machi au Aprili, hufikia kilele kati ya Agosti na Oktoba, kisha kuanzia Desemba nchi hukauka. Tunayaona hayo kwa juu: rangi ya maji, kina chake, urefu wa foleni ya madumu. Tunachokisahau ni kwamba chini nako kuna mwaka wake. Mafuriko yanapokuja husugua mawe na kuwabeba maelfu ya wadudu wachanga hadi mbali. Maji yanapopungua, waliobaki hujikusanya kwenye vidimbwi, wengine hujichimbia katikati ya changarawe ambako unyevu haujakatika. Konokono wa aina kadhaa hujifungia ndani ya tope lililokauka na kungoja mvua. Kamongo anaweza kufanya vivyo hivyo. Watoto wa kereng'ende hukaa majini kwa miezi, kisha wakapanda majani na kuruka, na kuanzia siku hiyo mtu atakayepitisha wavu mtoni hatawapata, ingawa hawajatoweka.

Wengine wana kalenda kali kuliko hiyo. Mwaka 1955 mtafiti Hartland-Rowe alionyesha kwamba mdudu wa Ziwa Victoria anayeitwa Povilla adusta, ambaye watoto wake hutoboa mbao na matete yaliyozama, hutoka majini kwa wingi siku chache tu baada ya mwezi mpevu. Tafakari maana yake kwa mshauri mwelekezi anayefika na gari lake Jumatatu na kuondoka Ijumaa. Akifika kabla ya mwezi mpevu ataandika kwamba mahali hapa pamejaa uhai. Akifika wiki iliyofuata anaweza kuandika kwamba pana wadudu wachache. Ripoti zote mbili zitakuwa za kweli kwa siku zile, na yoyote itakayotiwa muhuri itampotosha anayeitegemea. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na kuyafika mara moja ni karibu sawa na kutoyafika.

Waliojenga baharini

Anayedhani haya ni mashaka ya mtu wa mashambani asiyetaka maendeleo aangalie kule ambako mitambo ya upepo inasimikwa katikati ya bahari. Kwetu Afrika Mashariki mitambo ya upepo bado iko nchi kavu; mkubwa unaojulikana ni ule wa karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, wenye mashine 365 na uwezo wa megawati 310. Denmark walianza kuisimika baharini mwaka 1991 pale Vindeby, kwa mashine 11. Walipoamua kupanua, wakajenga Horns Rev mwaka 2002 kwa mashine 80 na Nysted mwaka uliofuata kwa mashine 72, hawakusubiri nguzo zisimame ndipo waulize bahari ilikuwaje. Uchunguzi ulianza mwaka 1999 na kuendelea hadi 2006, kabla ya ujenzi, wakati wa ujenzi na baada yake.

Uangalifu huo ulikuwa wa lazima kwa sababu sakafu ya bahari ya kule haina sura moja. Majira ya kuchipua mimea midogo mno ya kijani huongezeka juu, hufa, huzama na kuwa chakula cha walio chini. Kiangazi watoto wa kome, minyoo na nyota bahari hutua mchangani kwa wingi mno. Kisha zinakuja dhoruba za baridi, na wengi hufa au kusombwa. Sampuli ya Machi na ya Septemba kutoka mita ileile ya mchanga zinaweza kutofautiana kiasi cha mtu kudhani ni bahari mbili. Sasa fikiri mtu amehesabu Septemba kabla ya kujenga, na Machi baada ya kujenga. Ataona viumbe wamepungua, atapiga kelele kwamba mashine zimeua bahari, na kelele yake itakuwa ya bure. Akigeuza mpangilio, ahesabu Machi kwanza na Septemba baadaye, atatangaza kwamba mashine zimeleta neema. Kampuni itafurahi, wavuvi watanyamazishwa, na kosa litakuwa lilelile. Kwa kuwa Wadenmark walilinganisha miaka na miaka, na eneo la mradi na eneo la pembeni, waliweza kusema jambo lenye uzito: mchanga wa asili uliozunguka nguzo haukubadilika sana, lakini nguzo zenyewe na mawe yaliyorundikwa chini yake yalipata wakazi wapya, kome na jamaa zao, ambao hawakuwa na pa kushika hapo awali.

Huko Marekani, mradi wa Block Island katika jimbo la Rhode Island una mashine 5 tu, zilizoanza kazi mwaka 2016. Kwa ajili ya mashine hizo 5, samaki wakaao karibu na sakafu ya bahari walivuliwa kwa nyavu za uchunguzi kila mwezi kuanzia 2012 hadi 2019. Miaka 7! Nani atasema watu wale hawakuutaka umeme?

Nyagak na kaa wake

Turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo jambo linapogusa ngozi na macho ya watu. Mto Nyagak, wilayani Zombo karibu na Paidha, ulianza kutupatia umeme mwaka 2012 kupitia kituo cha megawati 3.5, baada ya miaka mingi ya Arua kutegemea jenereta la mafuta mazito. Chini yake ukaja mradi wa pili, Nyagak III, wa megawati 6.6. Kwa mkoa uliokuwa hauna chochote, hizi si tarakimu ndogo: kuna vinu vya kusaga, saluni, majokofu ya chanjo na wanafunzi waliosoma usiku kwa sababu yake.

Lakini mto huohuo una jina katika vitabu vya afya. Eneo ambalo wataalamu huliita Nyagak-Bondo, linalogusa Arua, Nebbi na Zombo, limekuwa kwa muda mrefu moja ya maskani ya usubi, ugonjwa wa minyoo unaowasha ngozi mpaka mtu ajikune usiku kucha, na ambao mwisho wake ni upofu. Huenezwa na inzi mdogo mweusi anayezaliana kwenye maji yaendayo kasi. Inzi wa Nyagak ni wa aina iitwayo Simulium neavei, na habari yake inastahili kusimuliwa kwa urefu kidogo. Kwa miaka mingi madaktari walimwona inzi huyu akiuma watu, lakini viluwiluwi wake hawakupatikana. Walipindua mawe, wakachunguza majani, hawakuona kitu. Mwaka 1950, van Someren na McMahon, waliokuwa wakifanya kazi Kenya, walieleza siri yenyewe: viluwiluwi wale hukaa juu ya kaa wa mtoni. Wamejishikiza kwenye gamba lake na kutembea naye. Bila kaa hakuna inzi, na bila inzi mnyoo hana wa kumbeba kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Kwa hiyo mtu anayesema kuhesabu kaa ni mchezo wa wasomi amekosea mto wa kusemea hayo. Hapa kaa ni habari ya afya ya umma. Wataalamu wa wadudu wa Uganda wamekuwa wakiwategea kaa mitego na kutazama wangapi wamebeba viluwiluwi, na kwa kipimo hicho wakajua kama kazi ya kuangamiza usubi inasonga au imekwama. Tangu kampuni ya Merck ilipoahidi mwaka 1987 kutoa dawa ya ivermectin bure, na hasa tangu Uganda ilipoamua mwaka 2007 kuufuta kabisa ugonjwa huu badala ya kuupunguza tu, maeneo mengi ya nchi yamepata nafuu kubwa. Wahudumu wa afya wa vijiji wamebeba fimbo za kupimia urefu nyumba kwa nyumba, wakagawa vidonge mwaka baada ya mwaka. Hata hivyo dawa hiyo huua vijidudu wachanga wa mnyoo tu. Mnyoo mkubwa huweza kuishi mwilini miaka 10 na zaidi. Inzi akirudi kabla minyoo haijafa yenyewe, kazi ya miaka yote hiyo inaanza upya.

Ujenzi wa umeme mtoni unamfanya nini inzi huyu? Jibu la kweli ni kwamba inategemea, na hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Bwawa linaweza kuzamisha maporomoko na kuwanyima inzi wa usubi mahali pa kuzaliana. Maporomoko ya Ripon pale Jinja yalizama bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, ingawa inzi wa Nile ya pale alikwisha kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu maji yalitiwa dawa. Bwawa hilohilo linaweza kuzaa maporomoko mapya ya saruji mahali maji yanapomwagwa, na inzi wa aina nyingine huyapenda sana hayo. Kituo kidogo kisicho na ziwa kubwa huchepusha maji kwenye bomba na kuyarudisha chini zaidi. Kipande cha mto kilichorukwa hubaki na maji kidogo, hasa Januari na Februari. Kaa wafanyeje hapo? Huenda wakapungua. Huenda wakasongamana kwenye vivuli vilivyobaki, karibu na pale wanawake wanapochota maji. Asiyewahesabu kaa kabla ya bomba, katika kiangazi na katika mvua, hataweza kamwe kujibu, na atakayeulizwa na mzazi mwenye mtoto anayejikuna atabaki kubahatisha.

Anayetaka kuona gharama ya kubahatisha atazame Senegal. Bwawa la Diama lilikamilika mwaka 1986 karibu na mdomo wa mto Senegal, ili maji ya chumvi yasipande na mashamba ya mpunga yapate maji matamu. Nia ilikuwa njema. Lakini mtoni humo waliishi kamba wakubwa walao konokono, na kamba hao kila mwaka hushuka hadi kwenye maji ya chumvi kuzaa, kisha watoto wakapanda juu. Ukuta ukawakatia njia. Konokono wa kichocho wakabaki bila adui mkubwa, katika maji yaliyotulia na yasiyo na chumvi. Mwaka 1988 kichocho cha tumbo kilionekana katika mji wa Richard-Toll, na ndani ya miaka michache wengi wa wakazi wake walikuwa wameambukizwa. Safari ya kamba wa chini ya maji, safari ya msimu, ilikuwa sehemu ya kinga ya watoto wa mji mzima, na hakuna aliyeiweka kwenye hesabu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

"Tumesubiri umeme kutosha"

Pingamizi la kwanza ni la watu waliochoka, nami nalipa heshima yake. Mama anayejifungua kwa mwanga wa tochi ya simu hana hamu ya kusikia kuhusu konokono. Tumesubiri, watasema, na sasa mnatuongezea miaka miwili? Lakini hebu tuangalie miradi hii inavyokwenda. Mhandisi hachagui ukubwa wa mashine kwa kutazama mto siku moja. Anasoma vipimo vya mtiririko wa maji vya miaka mingi, mwezi kwa mwezi, kwa sababu anajua kwamba mashine iliyonunuliwa kwa maji ya Septemba italala bila kazi Februari. Benki nayo haitoi mkopo bila vipimo hivyo. Kama maji yanapimwa misimu yote, kwa nini walio ndani ya maji wapimwe wiki moja? Watu walewale, kwenye kituo kilekile cha kupimia kina, wanaweza kufanya kazi zote mbili kwa pamoja, na siku ya kuweka jiwe la msingi isisogee mbele hata kidogo. Miradi yetu imechelewa kwa sababu ya fedha, fidia, mikataba na wakandarasi. Sijasikia hata mmoja uliocheleweshwa na kaa.

La pili husema sisi ni wa gridi ya taifa sasa, tuna Karuma ya megawati 600 iliyozinduliwa Septemba 2024, kwa hiyo vijito vyetu vitaachwa vipumzike. Natamani iwe hivyo, lakini mahitaji hayapungui, na umeme wa Karuma nao umetoka mtoni, kwa maji yanayopitishwa kwenye mahandaki ya zaidi ya kilomita 8 kabla ya kurudi Nile. Tena viumbe wa majini wana njia ya kumkumbusha mwenye mitambo kwamba wapo. Aprili 2020, kisiwa cha mimea kinachoelea kilisukumwa hadi kwenye mitambo ya Nalubaale pale Jinja, na nchi nzima ikawa gizani.

La tatu ni zito zaidi. Wapo wanaosema, kwa uaminifu, kwamba hata ukihesabu hutajua nani wa kulaumiwa. Mto Enyau unaoinywesha Arua umebanwa na bustani za kingoni, uchimbaji wa mchanga, matofali, mikaratusi na takataka za mji. Mvua zenyewe hazina mpangilio wa zamani. Viumbe wakipungua, ni kwa sababu ya bwawa au ya haya mengine? Ndiyo maana nimesema pawe na mahali pa kulinganisha. Chagua kijito jirani chenye bustani zilezile na mvua zileile, ila kisicho na bomba la umeme. Kama kaa wamepungua kote kuwili, mradi hauna hatia na mwenye mradi ataweza kulithibitisha hilo mbele ya watu. Kama wamepungua upande mmoja tu, tunajua pa kuanzia. Hesabu ya namna hii inamlinda mwekezaji mwema sawasawa na inavyomlinda mwanakijiji, na nashangaa kwamba wawekezaji wenyewe hawaidai.

Nani ahesabu, na kwa nini

Inabaki gharama. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 na kanuni za tathmini za mwaka 2020 zinamtaka mwenye mradi alipe uchunguzi wake, chini ya jicho la mamlaka ya mazingira, NEMA. Ninachoomba ni sentensi moja kwenye hadidu za rejea, inayotaja misimu minne na mahali pa kulinganisha. Vifaa ni vya kawaida: wavu wenye mpini, beseni jeupe, mitego ya kaa, na vikapu vya mawe vinavyotumbukizwa na kuachwa kwa wiki kadhaa ili wadudu wahamie humo. Hivyo vikapu vina faida yake hapa kwetu, maana mto ukifura Septemba hakuna wa kuingia na wavu, na anayeahidi kwamba atafanya hivyo anahatarisha vijana wa watu. Tanzania tayari wana mfumo wao wa kupima afya ya mto kwa wadudu wake, TARISS, uliotokana na ule wa Afrika Kusini na kurekebishwa kwa mito ya huku. Kila jamii ya wadudu hupewa alama kulingana na inavyostahimili uchafu. Vijana waliomaliza sekondari wanaweza kufundishwa kuitambua, na hao hatuwakosi Lobule, wenyeji na wakimbizi, wengi wakiwa na muda kuliko ajira.

Na matokeo yasiishie Kampala. Yasomwe kwenye kaunti ndogo, kwa Kialur, Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili, mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC) akiwepo na wahudumu wa afya wa vijiji wakiwepo, kwa sababu wao ndio watakaojua kwanza kama inzi wameanza kuuma tena. Wilaya ya Zombo iwe na nakala katika ofisi ya afya, si ya mazingira peke yake.

Nyagak imekwisha kujengwa, na hesabu ya kabla ya bomba imetupita pale. Vilivyobaki ni kipande cha mto kilicho juu ya kituo cha kwanza, kipande kati ya vituo viwili, na vijito jirani ambavyo havijaguswa. Mvua zikikatika Desemba hii, mitego inaweza kuwekwa sehemu zote tatu kwa siku moja, ikarudiwa Machi maji yanapoanza kupanda, tena Juni, tena mwishoni mwa Novemba. Kwingineko, Koboko ambako mto Kochi na vijito vyake bado vinatiririka bila bomba la mtu, hesabu ya kwanza bado inaweza kuwa ya kwanza kweli, na wa kuidai ni madiwani wa wilaya hiyo, kabla mshauri yeyote hajafika na gari lake Jumatatu.